Kamba ya Guliko

Mita kumi na mbili. Nilizipima kwa macho,
halafu kwa hesabu ya vibanio,
kutoka roshani yangu hadi roshani ya mama:
ua mmoja, bomba moja la maji, mzabibu mmoja
uliopanda ukuta bila kuomba ruhusa ya mtu.
Karibu kama pua na mdomo, na bado ng'ambo.

Machi ile Tbilisi ilifungwa kama duka lililofiwa.
Mimi muuguzi. Narudi alfajiri
na chapa ya barakoa puani,
mikono imepauka kwa vitakasa,
viatu naviacha nje, nguo kwenye ndoo,
na simgusi mtu.
Hasa yeye. Moyo wake unakwenda kwa betri,
na mapafu yake yalivuta vumbi la kiwanda cha nyuzi
miaka thelathini.

Akanipigia simu: "Natela, si tuna kamba?"

Kamba ya kuanikia, ya mzunguko,
kapi huku, kapi kule,
na kapi la kwake linalia *kwii*
tangu nina meno ya utoto,
kwa kuwa marehemu baba aliahidi kulitia mafuta kesho.
Kwii: mama yuko macho.
Kwii, kwii: kuna kitu njiani.

Kilichotangulia ni chupa ya maharage na giligilani,
imevishwa soksi isipoe.
Nikarudisha vidonge vya presha kwenye mfuko wa mkate,
na karatasi: *Kimoja asubuhi. Fungua dirisha.
Tembea roshani nzima mara arobaini.*
Akajibu mgongoni mwa karatasi ileile,
herufi zake za duara kama vitanzi vya sufu:
*Arobaini nyingi. Nimefika thelathini na moja
nikagombana na Otari wa chini, habari ya paka.
Ugomvi nao ni mazoezi.*

Jioni tulikula pamoja, kila mtu na sahani yake,
simu zimeegemea birika,
ingawa kuonana kulitaka kuinua shingo tu.
"Uso nauona mwenyewe," alisema.
"Simu ni ya kusikia ukitafuna."

Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka.
Sijui. Sijaua nyoka.
Najua soksi ilifika na joto lake.

Kisha Aprili. Wiki moja,
katika zamu yangu, tuliwafumba macho wanne.
Chakula kikawa mchanga mdomoni.
Chupa zake nilizipanga sakafuni, zimejaa,
na saa ya kula ikifika
nilitafuna hewa karibu na simu.

Siku ya tatu mfuko ulirudi na vidonge vyake ndani.
Vyote.
Nikaita. Dirisha limefungwa.
Nikaita hadi mbwa wa mtaa wa pili akaitika.
Ndipo nikaona karatasi chini ya vidonge:

*Anayetafuna mkate hutoa sauti.
Anayetafuna hewa naye hutoa sauti.
Nimekuzaa, naijua tofauti.
Ukila, nitameza.*

Nikala. Nimesimama roshani, mkate wa juzi,
mgumu kama kisigino, machozi yakiutia chumvi,
ua mzima ukitazama,
Otari akinihesabia matonge kwa sauti ya mwamuzi.
Lilipoisha la mwisho dirisha likafunguka.
Mama akainua glasi, akameza,
akatoa ulimi wote nje
kama mtoto anayeonyesha kwamba hakuficha kitu.

Juni wakaturuhusu.
Ngazi kumi na moja kushuka, kumi na moja kupanda:
safari ya dakika moja
iliyonichukua siku themanini na nane.
Mlangoni hatukujua mikono iende wapi.
"Umekonda," akasema.
"Nawe umefupika."
Basi hapo mikono ikajua.

Nilikuwa nimemletea mafuta ya mashine,
kichupa kidogo, nitimize ahadi ya baba.
Akanipokonya.
"Thubutu! Nitajuaje kama umeamka?"

Kichupa kiko dirishani pake hadi leo,
kizibo hakijaguswa.
Asubuhi hii, kabla sijavaa viatu:
kwii.