Tope la Gati

Meneja mpya hakuja na hotuba, alikuja na ramani.
Akaitandaza juu ya kreti la soda,
akaigandamiza kwa nati nne za reli
kwa kuwa upepo wa ghuba, asubuhi, hauna adabu.
Mimi, karani, nilikuwa nahesabu saruji ya kwenda Port Bell.
Hesabu ikanipotea.

Mstari mwekundu: mkondo utachimbwa hapa, meli zipite.
Mshale mweusi: tope litamwagwa kule.
"Kule ni wapi?" Bi. Abuya akauliza.
Mhandisi hakuinua macho: "Patupu tu."

Patupu!
Peresia Anyango akatua sinia lake la samaki.
"Hapo patupu pana mafunjo,
na mafunjoni ngege wanalea.
Wanangu watatu wamesomeshwa na hapo patupu."

Nahodha Nyakwaka naye: mkondo usipochimbwa
meli italala topeni kama kiboko mwenye deni.
Wapakizi: meli isipofunga gati, sisi tutafunga mikanda.
Kila mtu alikuwa na haki, ndiyo ikawa shida.
Sitasema kidole kimoja hakivunji chawa;
siku hiyo vidole vilikuwa tele
na chawa nusura atoroke.

Nilimngoja mama agonge kreti.
Muhuri ulikuwa mkobani mwake, niliuona.
Akauliza tu:
"Nani kati yetu amewahi kulishika tope lenyewe?"
Kimya cha wenye viatu vilivyong'arishwa.

Basi wakaingia mtumbwini, mhandisi kakunja suruali,
wakasukuma magugumaji kwa makasia,
wakarudi na ndoo.
Tope jeusi, lanuka dizeli na mizizi iliyooza.
Bi. Abuya akachota,
akaupaka mshale wake mwenyewe
hadi usionekane.

Halikuisha siku hiyo. Vikao vitano;
katika cha tatu Peresia alisusa,
akafuatwa hadi kwake Nyalenda.
Mwishowe tope likapelekwa kwenye machimbo ya zamani,
kwa mabehewa, gharama juu,
manung'uniko juu zaidi.

Kreni kuukuu bado imekufa.
Lakini daftari langu lina safu mpya,
baada ya saruji, kabla ya sukari:
tope, mabehewa mangapi, limekwenda wapi.
Na chini ya mkataba, sahihi saba na dole gumba moja.
Ya meneja ni ya mwisho, ndogo,
imebanwa pembeni
kama ya mtu aliyechelewa kufika.