Tundu la Pini

Hospitali ya Łódź imempa mama nyonga yake
ndani ya sidii, ndani ya bahasha
yenye kidirisha cha duara.
"Jumatatu kwa daktari wa mifupa," wakasema,
"ila kliniki yake haina pa kuisomea.
Ihamisheni kwanza kwenye flashi."

Kompyuta yangu nyembamba kama chapati ya maji,
haina mdomo.
Ya kaka Radomił haina mdomo.
Jirani wa ghorofa ya tatu alicheka
hadi akakohoa: "Sidii? Leo?"

Ndipo mama akainama, nyonga ikimzomea,
akaburuta kutoka uvunguni mpakato wa baba,
mzito kama tofali, vumbi limeuotea manyoya.
Betri ilikufa zamani. Unaishi kwa waya,
kama mgonjwa wa chumba cha mahututi.

Nikaupakata. Yote huitwa mpakato,
lakini huu ndio wa kwanza kuniumiza mapaja.

Ubavuni, kitufe kama punje ya mtama.
Nikabonyeza. Ukakohoa.
Nikabonyeza. Ndani kitu kikazunguka,
kikajuta, kikalala.
"Baba yako hakubonyeza," mama akasema,
"alibembeleza."

Kando ya kitufe kuna tundu
ambalo sisimizi angepita kiubavuubavu.
Nikanyoosha pini ya karatasi, nikaiingiza
wima, bila papara,
kwani papara huvunja meno ya gurudumu,
nikasukuma mpaka nikahisi
huko ndani kumekubaliwa.
Trei ikatoka nusu kidole, ulimi wa mtoto mkaidi.
Nikaivuta kwa kucha.

Mlikuwa na diski tayari.
Mwandiko wa baba, wino mweusi, herufi kubwa:
KODI 2011. USIGUSE.
Miaka tisa tangu tumzike kwenye theluji,
na mashine bado imeifumbata mdomoni
kama aliyeambiwa asiteme dawa.

Mama hakulia. Aliigeuza chini ya taa,
rangi saba zikakimbia darini.
"Na hiyo kodi yenyewe alichelewa kulipa," akasema,
akaiweka kwenye bahasha
ilimokuwa nyonga.

Nikafuta diski ya hospitali kwa pindo la fulana,
kutoka katikati kwenda ukingoni,
kamwe si kwa kuzungusha;
nikaibana kwenye kitovu cha trei
mpaka ikasema ta.
Nikafunga.
Meza ikatetemeka, chai ikachora mawimbi,
sauti ikapanda, ikapanda, ikatulia.

Na mfupa ukaja kwenye kioo: mweupe, wa kijivu,
na ufa mwembamba kama unywele
ulioanguka kwenye sahani.
Mama akavaa miwani.
"Ndio huu? Kwa maumivu haya
nilidhani ni mkubwa zaidi."

Asilimia arobaini. Arobaini na moja.
Akakata limau. Sitini. Akaniuliza kama nimekula.
Tisini na tisa ikakaa muda mrefu,
hatujui ilikuwa inamsubiri nani.

Flashi ikaingia mkobani, pamoja na tiketi za tramu.
Nikaanza kuzima.
"Bado," akasema. "Rudisha yake."

Nikaibana. Ta. Nikafunga.
Ikazunguka kidogo, kidirisha kikaniuliza
kama nataka kufungua mafaili.
Nikamtazama mama.
"Hujui kusoma?" akasema. "Si imeandikwa
usiguse."