Chini ya Meza, Njoro

Nimelala chali chini ya mlango wa mninga
uliokuwa wa stoo. Sasa ni nchi:
juu yake Moshi, Kahe, Rundugai,
reli nyembamba kama njiti
na kichwa cha treni kisichozidi kidole gumba.
Huku chini ndiko kwenye mambo yenyewe.
Waya mwekundu, waya mweusi,
wa kijani niliouchomoa kwenye redio mbovu ya Mama Ndeshi,
na tone la lehemu limenichoma shavu.

Kompyuta inasema: kipande cha nne, kuna treni.
Hakuna treni.
Kuna mende.

Taabu yangu ni kitanzi cha Kahe.
Treni ikizunguka, ikarudia mlango ilioutokea,
chanya inakutana na hasi:
shoti, giza, harufu ya plastiki.
Nimeandika mistari arobaini kuiambia mashine
ikifika hapa, geuza umeme kabla haijajigonga yenyewe.

Ta! Rilei imeitika.
Chumba cha pili baba anakohoa.
Miaka ishirini na sita alivuta wenzo pale Kahe,
bega la kulia halijanyooka mpaka leo.
"Umechelewa," anasema, bila kuja kutazama.
"Njia hutengwa kabla hujaisikia treni."

Nabadilisha namba. Sekunde mbili ziwe nne.
Inazunguka, inarudi, taa haijapepesa.
Nasubiri aseme neno.

Umeme wa mtaa unakatika.
Gizani, kwa sauti yake ya kazini:
"Kahe hapa. Njia nyeupe. Pitisha."