Usiioshe

Maji yale yalikuwa safi. Hapo ndipo kosa lilipoanzia.
Safi kama dirisha la benki,
safi kama kaburi ambalo bado halijapata mtu.
Apolena alitimiza miaka saba Jumamosi;
kufikia Jumatano samaki wote sita walikuwa wamelala kiubavu,
vinywa wazi, kama wanaotaka kutaja jina
na wamelisahau.

Nikabadilisha maji. Nikasugua changarawe kwa mswaki.
Niling'arisha kioo hadi nikajiona ndani yake:
mwanamume wa Ostrava, ghorofa ya saba,
anayeua kwa usafi.

Zdislava anakaa ghorofa ya tatu. Huendesha tramu namba nane
zamu ya alfajiri, na hapendi maneno mengi.
Alinusa tangi letu. Ndiyo, alinusa.
"Humu hamna mtu," akasema.
"Samaki anakula, anapumua, anaacha chake.
Nani atakila alichokiacha?
Umefungua hoteli bila mfagizi hata mmoja,
halafu unashangaa wageni wanakufa."

Tukashuka kwa miguu; lifti iligoma tangu theluji ya kwanza.
Tangi lake lina miaka kumi na tisa, limemzidi umri mwanawe:
ukijani pembeni, giza la mizizi,
samaki wanene, watulivu kama wastaafu.
Akazamisha mkono hadi kiwiko, akafungua chujio,
akatoa sifongo nyeusi yenye utelezi,
harufu yake msitu baada ya mvua.
Akaikata kwa mkasi wa jikoni. Nusu yake, nusu yangu.
Yangu akaitia kwenye mfuko wa mkate pamoja na maji yake.
"Usiioshe. Klorini ya bomba itawamaliza
kabla hujageuka. Wala isikauke. Wala isipoe.
Haya, panda."

Nikapanda ngazi sabini na mbili,
mfuko kifuani chini ya sweta, ukinitia unyevu kwenye mbavu,
nikiwabeba mamilioni nisiowaona,
abiria wasio na tiketi.

Nilipoikamua, tangi likageuka chai.
Apolena akalia: "Umelichafua!"
Nimelichafua, mwanangu. Kwa makusudi.

Kisha ikaja kazi ya kungoja, ambayo haina picha.
Hita kwenye ishirini na nane.
Pampu ikitokota usiku kucha, maana nao huvuta hewa.
Amonia kidogo kwa bomba la sindano,
chakula cha wenyeji kabla ya kualika wageni.
Tukipima kila jioni: matone manane, tikisa, hesabu dakika tano,
na Apolena akipaka rangi visanduku vya daftari.
Kijani. Kijani. Kijani.
Siku ya tano, manjano kama ya kifaranga.
Lakini kichupa cha pili kikawa zambarau, zambarau ya jeraha,
nikampigia Zdislava saa nne za usiku.
"Vema. Wa kwanza wameshiba, wa pili ndio wanaamka.
Niache nilale."

Penseli ya zambarau iliisha kabla ya nitriti kuisha.
Siku ya kumi na moja, buluu hafifu. Sifuri.
Dukani walikuwa wameniambia wiki sita.

Wanasema haraka haina baraka.
Mimi haraka niliipata, ila haikuwa yangu:
ni polepole ya mtu mwingine niliyoazima,
miaka kumi na tisa iliyokatwa kwa mkasi wa jikoni.

Tulianza na samaki watatu tu. Wiki tatu sasa; mmoja ana hasira.
Maji hayang'ai kama zamani.
Jana nilisogeza pua juu ya kioo: msitu, kwa mbali.
Apolena naye akasogeza yake, akafumba macho.
"Wamo," akasema,
kisha akaenda kunawa mikono,
kwa sabuni, mara mbili,
kama tulivyomfundisha.