Spana ya Makhanu

Alikuja Februari, siku ya Jumanne,
akagonga ukuta kama daktari agongavyo kifua,
akaweka sikio, akaguna,
kisha palipokuwa na unyevu tu
akatoboa tundu la upana wa sahani
hadi nikaona taa ya nyumba ya pili.
"Paipu ni ya zamani," akasema. "Nakuja sasa hivi."
Akaacha spana yake juu ya sinki
na mlango nusu wazi, kama mtu anayerudi.

Sasa hivi ile ilikuwa na miguu mifupi.
Masika yakafika Umoja, yakamaliza shughuli zake,
yakaondoka.
Baridi ya Julai ikaingia kwa lile tundu
bila kubisha hodi.

Tone.
Nalisikia hata nikijifunika mto:
tone ndani ya sufuria, baadaye karai,
baadaye ile ndoo ya rangi niliyoiomba dukani.
Haba na haba, naam, kibaba kimejaa.
Nimekimwaga. Kimejaa.
Cherehani yangu imehama mara tatu
ndani ya chumba kimoja.
Sare za watoto wa watu zinanuka ukungu;
nazipiga pasi mara mbili, nawaambia wateja
ni harufu ya kitambaa kipya.

Nimempigia Nzioki, mwangalizi wa ploti:
"Nimemwambia wakala."
Nimempigia wakala:
"Tumeandika."
Nimeuliza wameandika wapi.
Amecheka, cheko la mtu aliyekaa pakavu.
Landilodi simjui kwa sura.
Namjua kwa ujumbe wa tarehe tano, saa mbili asubuhi,
usiochelewa hata siku ya sikukuu.
Kodi haijawahi kusubiri fundi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakusema ukuta ni wa nani.

Upande wa pili kuna Kemunto, darasa la tatu,
anayekariri jedwali la saba
na kukwama kila jioni kwenye saba mara nane.
"Hamsini na sita," nilimnong'oneza siku moja,
pini mdomoni.
Kimya.
Kisha: "Mama, ukuta unajua hesabu!"
Tangu hapo sweta yake hupita tunduni bila vifungo
na kurudi na vifungo,
na mama yake hupitisha chapati mbili
zilizofungwa kwa karatasi ya daftari,
na sote watatu hatumwambii Nzioki.

Spana nimeizoea.
Imevunja sukari guru, imezuia mlango usipigwe na upepo,
imelalia kitambaa nikikata.

Jana mlango ukabishwa.
Jakaranda zilikuwa zimemwaga maua hadi mtaroni,
na maua mawili yalikuwa yameganda kwenye kiatu chake.
Makhanu. Mwembamba kuliko nilivyomkumbuka.
Hakutazama tundu. Hakutazama ndoo.
"Samahani, mama. Niliacha spana hapa?"

Sijui kama nilicheka au nilikohoa.
Nilikaa kwenye kiti cha cherehani, spana mapajani.
"Ipo. Imekaa miezi minane. Kodi yake nimelipa mimi."
Akanyoosha mkono.
Nikamwonyesha ukuta kwa ncha ya chuma chake.
Tone likaanguka. Tulilisikia wote wawili.

"Mama, hata ile kazi ya Februari," akasema polepole,
"bado hawajanilipa."

Ndipo nilipokiangalia tena kile kiatu:
soli imefungwa kwa waya.
Maneno niliyoyanoa tangu masika
yakanipotea. Nikainuka, nikateleka chai.
Spana nikaiweka mezani, katikati yetu,
isiwe yangu wala yake.

Kutoka ukutani, sauti:
"Saba mara tisa?"

Makhanu akashtuka, akamwaga chai kidogo.
Akanitazama mimi, akalitazama tundu lake mwenyewe,
kwa mara ya kwanza.
"Sitini na tatu," akaujibu ukuta,
na taratibu akaanza kukunja mkono wa shati.