Uani kwa Ndelilio

Mchana kutwa nazungumza kwa sauti ya pamba:
karibu, keti, lete nakala mbili za kitambulisho,
mdhamini wako yuko wapi?
Dirisha la mikopo halijui kwamba nina mgongo.
Linajua vidole, na muhuri,
na tabasamu la saa nane mchana, lililokwisha kuchacha.

Saa kumi na moja na robo navua viatu
nyuma ya karakana ya Ndelilio, Pasua,
ambako cheche zimetoboa hata kamba ya kuanikia nguo
na kuku wamezoea kelele za chuma.
Hakuna kioo. Hakuna muziki.
Kuna tairi la trekta lililozeekea kwenye miwa,
mnyororo wa lori, nyundo ya kilo nane,
ndoo mbili za rangi zilizojazwa zege, bomba katikati,
na jiwe.

Jiwe lilitoka mtoni, mwaka wa mafuriko.
Watu wanne walilipakia, mmoja akavunjika kidole.
Hakuna aliyewahi kulipima.
"Likikubali utajua," anasema Ndelilio,
kisha anashusha kinyago chake usoni
na kurudi kwenye geti la mtu
analodaiwa tangu Pasaka.

Jumanne ile nilipaka majivu viganjani.
Nikachuchumaa, nikalikumbatia
kama unavyomkumbatia mlevi umrudishe kwake,
shavu kwenye ubaridi wake, kidevu kikichubuka.
Halikutaka.
Halikutaka kabisa.
Ardhi ilikuwa imelishika kwa mkono wa chini.

Ndipo kitu kikaamka chini ya kitovu,
kitu kisichojua kusoma,
kisichojua riba wala tarehe ya marejesho,
kikapanda mapajani, kiunoni, mbavuni, kikafika kooni
kikatoka.
Halikuwa neno. Halikuwa hata jina la Mungu,
nami nimeimba kwaya ya Kilutheri miaka kumi na tisa,
sauti ya pili, kwa adabu.

Mbwa wa Pasua nzima wakaitikia.

Juu ya ukuta kikachomoza kichwa cha Mzee Mnzava,
dawa ya meno mdomoni:
"Jamani, kuna msiba?"
"Hakuna, baba. Mazoezi."
Akanitazama, jiwe kifuani kama mtoto wa mtu,
mate yananichuruzika, soksi moja imeshuka.
"Mazoezi ya nini?"

Sikuwa na pumzi ya kumjibu.
Sikuwa na jibu pia.
Nikatembea nalo. Hatua moja. Ya pili, goti likalalamika.
Ya tano sikuihesabu, ilinihesabu yenyewe.
Ya saba nikalibwaga,
na kishindo kikapita nyayoni, kikapanda hadi kwenye meno,
kuku wakatawanyika,
nikacheka peke yangu kama aliyepagawa.

Utamu wake si wa sukari.
Ni ule wa kukuna kidonda kinachopona,
wa kutua mzigo ambao hakuna aliyekutwisha.
Mlima ulikuwa umejifunika. Sikuutafuta.
Nililala chali juu ya vumbi na vipande vya chuma,
moyo ukigonga kama mgeni mwenye haraka,
na sikuwa mke, wala mdeni, wala karani wa mtu,
nilikuwa joto tu, linalovuta hewa.

Ndelilio akaniletea mtori kwenye kikombe cha bati.
"Kesho utanitukana," akasema.

Kesho yake sikuweza kuinua muhuri.
Saini yangu ilitambaa kama ya mtoto wa chekechea.
Kijana aliyeomba mkopo wa pikipiki
aliviona viganja vyangu, malengelenge na majivu kwenye mikunjo,
akasahau shida yake.
"Dada, ulikuwa unalima wapi?"

Nikafungua mdomo kwa ile sauti ya pamba.
Haikuwapo.
Nikamwonyesha kiti.