Sawa na Beki wa Mwisho

Mimi ni fundi cherehani, duka langu liko Barani,
na Jumamosi jioni ni mshika kibendera.
Nilikishona mwenyewe kutoka pazia
lililobaki hoteli ya Mtaliano ilipofungwa.
Kazi yenyewe ni moja: kusimama sawa na beki wa mwisho.
Akipanda, napanda. Akirudi, narudi.
Kwa hiyo misimu minne, Ebo Dadzie,
hakuna aliyekwenda sambamba nawe kama mimi,
wala mkeo.

Ulifika ukatueleza kwamba Ebo
ni mtoto aliyezaliwa Jumanne.
Basi tukakuita Jumanne, yakaisha,
na Muyeye nzima ikasahau jina la Sekondi.
Begi moja. Viatu jozi mbili.
Bahasha ya magazeti yaliyokatwa, lugha nne,
na katika kila picha mshambuliaji anashangilia,
wewe ni bega tu, pembeni,
mkasi umepita juu yake.

Nikakuuliza: miaka kumi na tisa, mabao mangapi?
"Moja," ukasema. "La kujifunga. Ufini,
juu ya theluji, kwa mpira wa rangi ya machungwa
kama hicho kitambaa chako."
Ukacheka hadi mbaazi zikakupalia.

Mshambuliaji ana hesabu yake. Beki ana nini?
Krosi ambayo haikufika.
Kelele ambayo uwanja mzima ulishaivutia pumzi
kisha ukaimeza.
Wakala wa Tunisi aliyetoweka na pasipoti yako,
ukamkaba kwa barua miezi saba, ukaipata.
Mishahara ya Omani, hiyo hukuipata.
Goti la kushoto, lililofunguliwa mara mbili
na madaktari wasiojua kutamka jina lako.
Nani huandika yasiyotokea?

Vijana uliwafundisha pale pale mchangani,
kwa Kiswahili chako kilichochechemea:
"Usitazame mpira, mpira ni mwongo.
Miguu nayo ni shahidi wa kununuliwa.
Tazama kiuno."
Mpaka leo Nyundo anatazama watu viuno
hata kwenye foleni ya benki.

Nusu fainali, dhidi ya watu wa chumvi wa Gongoni.
Dakika ya themanini na nane.
Ukainua mkono, ukapanda,
na mabeki wote wakapanda nawe
kama kitambaa kinachovutwa upande mmoja.
Goti likabaki nyuma.
Kitsao akapita, akafunga, akaondoka na shati lake mkononi,
na mikono kumi na moja ikaelekezwa kwangu.
Kibendera kilikaa pajani.

Nilitukanwa kwa Kigiriama na kwa Kibajuni.
Walisema nimenunuliwa kwa gunia la chumvi.
Wewe ulikuja ukichechemea hadi kwenye chokaa,
nikajua ni zamu yako.
"Kiasi gani?" ukauliza.
Nikakunjua kiganja hewani,
kidole gumba hadi kidole cha mwisho.
"Shibiri," ukasema, polepole,
kama mtu anayesomewa bei.

Mwaka jana ulikuwa wanda, Ebo.
Na wanda ule sikuuona.
Yaani, niliuona.

Jumatatu ukaja dukani na suruali ya kaki,
mpya, ya kazi ya ghala la korosho, zamu ya usiku.
"Ulinzi ni ule ule," ukasema,
"tofauti ni kwamba hapa nalipwa."
Nikapiga magoti na futi yangu.
Nikapima mguu wa kulia.
Nikapima wa kushoto.
Nikapima tena wa kushoto,
nikachora chaki mahali pawili, nikanyamaza.
Ulikuwa unatazama barabarani,
mtoto anapiga chupa ya plastiki ukutani.
"Iko sawa?" ukauliza.
Nikasema, pini zikiwa mdomoni:
simama hivyo hivyo, usipande.